Hatua Tatu Nje ya Mpaka

Shekemu, mwezi wa kuvuna shayiri, mwaka wa tatu tangu tugawiwe nchi

Dada Maaka,

Amani iwe kwako huko Golani, na kwa shemeji Eferi, na kwa watoto. Mimi ni mzima. Mama je? Bado anakataa kulala chini ya dari? Wauza sufu waliotoka Bashani wanasema kondoo wa huko wamezaa mapacha mwaka huu. Kama ni kweli, mwambie shemeji asitambe sana. Mwaka jana alitamba, na fisi wakamsikia.

Usishtuke kuona maandishi. Hakuna aliyeniandikia, mkono ni wangu. Niko hapa Shekemu kwa Mlawi mmoja, mimi namchungia mbuzi na yeye ananifundisha herufi. Zinayumba kama mtu aliyetoka kwenye harusi, lakini zinasomeka. Nilidhani ni kazi ya siku chache. Sasa naona itachukua muda.

Kwa hiyo msinisubiri kwenye kukata manyoya. Pasaka pia nimeila hapahapa. Shamba langu kule milimani Tirza lipo. Tulikuwa tumefyeka msitu mpaka kwenye mwamba mweupe. Udongo wake mwekundu, ukiushika haukuachi mkono.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Mdogo wako,
Asrieli


Golani, mwezi wa kuvuna ngano

Mdogo wangu Asrieli,

Tumepokea salamu zako, nawe pokea zetu. Anayeandika ni Libni, Mlawi jirani yetu. Mimi nasema, yeye anachora. Anasema herufi zako ni mbaya. (Sikusema mbaya. Nilisema zinahitaji mazoezi. Libni.)

Eferi mzima. Watoto wazima, yule wa kunyonya ameota meno mawili na ananing'ata makusudi, kisha ananicheka. Mama hajambo. Hema lake liko palepale uani. Eferi amejenga nyumba ya mawe, vyumba vitatu, na Mama hajalala ndani hata siku moja. Anasema alizaliwa njiani jangwani, akaolewa njiani, na dari inamkaba koo.

Sasa niambie wewe. Mwanamume kapewa shamba jipya, shayiri imeiva, na yeye yuko mjini anajifunza herufi. Nani anavuna? Nilimuuliza Eferi, akakuna ndevu. Nikawauliza wanawake kisimani, wakasema ni mambo mawili tu: ama unaumwa, ama umepata binti wa Kikanaani. Kama ni binti, sema. Nitakupigia kelele siku tatu, siku ya nne nitamfumia shuka.

Na jirani yako Peleti hajambo? Sijamsahau. Siku ile kabila letu lilipogawanyika, nusu wakabaki huku na nusu mkavuka mto, alikula jibini yetu yote ya safari, halafu akatuimbia wimbo wa shukrani. Sauti ile! Punda wetu aligoma kutembea. Mwambie nimetengeneza jibini nyingine, aje nawe muile.

Mama anataka uje wakati wa zabibu. Hakusema ukipata nafasi. Alisema uje.

Dada yako,
Maaka


Shekemu, mwisho wa mwezi wa zabibu

Dada Maaka,

Amani kwenu nyote. Nisamehe kwa kuchelewa; barua yako ilipitia mikono mingi kabla ya kunifikia. Nimefurahi kwa meno ya mtoto. Nimefurahi zaidi kwamba Mama hajambo.

Zabibu zimeisha na sikuja. Hakuna binti wa Kikanaani. Siumwi. Kuna shughuli zinazonishika hapa, na nikianza kuzieleza ngozi hii haitatosha. Niamini tu kwamba ningeweza kuja, ningekuja kwa magoti.

Habari za huku ni njema. Mbuzi wanapendeza. Kisima cha mjini bado kina maji. Jana alipita msafiri kutoka Shilo, anasema Kuhani Mkuu alikuwa na kikohozi lakini sasa amepata nafuu.

Msalimie Mama. Mwambie asinikasirikie.

Asrieli


Golani, mwezi wa kuanika tini

Asrieli,

Leo salamu ni fupi. Tuko hai.

Nimekuuliza habari za Peleti, umenijibu habari za mbuzi. Jirani yako, mliyelala naye hema moja miaka yote ya vita, na jina lake hukuliandika hata mara moja. Niliisikiliza barua yako mara mbili nikidhani Libni ameruka mstari.

Kisha Libni mwenyewe akaiweka chini, akaniuliza, "Maaka, mdogo wako ni kuhani?" Nikasema, mkulima. Akasema, "Kwa nini mkulima anafuatilia kikohozi cha Kuhani Mkuu?"

Umesahau ninapoishi. Golani ni mji wa kukimbilia aliyeua bila kukusudia, kama ulivyo Shekemu. Nawaona kila siku wanaume wanaotembea mpaka kwenye jiwe la mpaka, wanasimama, wanageuka. Mmoja ndiye aliyetujengea ukuta wa ua. Anajua umri wa Kuhani Mkuu kuliko anavyojua wa wanawe, maana Kuhani akifa ndipo ataruhusiwa kurudi kwake.

Usinifiche tena. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kutoka Heshboni ulipokuwa na homa. Niambie ni nani aliyekufa, na alikufaje.

Maaka

(Nilijaribu kumshauri aandike kwa upole. Libni.)


Shekemu, mwezi huohuo wa tini, siku nane baadaye

Dada yangu,

Sitazunguka tena. Peleti amekufa. Nimemuua mimi. Sikukusudia.

Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya shayiri. Tulikuwa tunafyeka mpakani, kati ya shamba lake na langu. Palikuwa na mwaloni mkubwa umesimama katikati. Mimi nasema ukatwe, yeye anasema uachwe, kondoo wapate kivuli. Tuligombana. Tulipayuka mpaka kijiji kizima kikatoka nje kusikiliza. Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu akaja mlangoni kwangu na mkate wa moto, akasema, "Haya bwana mkubwa, kata mti wako. Jua likikuwakia usinitafute." Nikacheka, naye akacheka. Tukaenda kuukata pamoja.

Kabla hatujaanza aliliangalia shoka langu. Akasema, "Mpini umekauka huu, shoka linacheza. Uloweke kwanza." Nikamwambia nitauloweka kesho. Nikaanza kukata. Nilipoinua mara ya sita au ya saba, nikahisi mikono imekuwa myepesi. Nikatazama. Mpini ninao, shoka halipo.

Alikuwa ameanguka upande wa pili wa mti. Shoka lilikuwa limempata, hapumui tena.

Kaka yake, Bedani, alikuwa na ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nikamwona anakuja mbio. Dada, sikukaa. Sikumfumba Peleti macho. Nilitupa mpini nikakimbia, nusu siku nzima, miguu inatoka damu, na Bedani nyuma yangu naisikia pumzi yake. Nilipita jiwe la mpaka wa Shekemu nikaangukia langoni. Wazee walinipa maji kabla ya kuniuliza jina.

Baadaye walikusanya watu wakasikiliza pande zote mbili. Bedani akaeleza ule ugomvi, na mashahidi wakasema ni kweli, tulipayuka. Mzee mmoja akaniuliza, "Ulimchukia?" Nikasema nilimkasirikia, sikumchukia. Wakashauriana, wakakata shauri: hakukusudia, na akae hapa mpaka Kuhani Mkuu atakapokufa, ndipo arudi kwake. Bedani hakupiga kelele. Alikuja karibu na uso wangu akasema, "Ndani ya jiwe wewe ni wa Mungu. Nje ya jiwe ni wangu."

Lile la kuloweka sikuwaambia wazee. Niliona aibu. Alinionya, nikasema kesho.

Sasa unajua kwa nini siji. Tuko kumi na wawili hapa. Akipita mtu wa Shilo, sote tunamzunguka kumuuliza Kuhani anaendeleaje, na kila mmoja anatazama chini asionekane anavyolisubiri jibu. Kisha tunamwombea afya. Nami namwombea kweli, dada. Sitaki mtu mwingine afe ili mimi nipate nafuu.

Usimwambie Mama.

Asrieli


Golani, mwezi wa zeituni

Mdogo wangu,

Pole. Nimelia, nikamaliza, nikaosha uso. Pole sana.

Nami nilikudanganya, basi tuko sawa. Niliandika Mama hajambo. Mama miguu imemkataa tangu mvua za mwisho. Hatembei. Anabebwa kutoka hemani mpaka juani na kurudishwa. Chakula chake ni cha ndege. Ndiyo maana nilikusukuma uje wakati wa zabibu, niliogopa usingemkuta. Sikutaka kukuandikia "Mama anaondoka" nawe ukaacha shamba lako kwa hofu. Kumbe shamba ulishaliacha.

Ulisema nisimwambie. Libni ana sauti ya Mlawi, akisoma barua mtaa mzima unaijua sheria. Mama alikuwa hapo nje, kwenye jua, amesikia kila kitu. Nikatoka nikamkuta ametulia tuli. Nikangoja alie. Hakulia. Aliniuliza jambo moja: "Nani wa kwetu alikwenda kumlilia?"

Nikamwambia, Mama, nani angekwenda? Asrieli amekimbia, sisi hatukujua.

Akasema, "Kijana wa watu amekufa mkononi mwa mwanangu, na kwao hakuna aliyetuona. Nifungie mizigo."

Nikamwambia hawezi kupanda hata kizingiti, ataendaje ng'ambo ya mto? Akasema alitembea miaka yote ile bila kujua aendako, safari hii angalau anajua. Eferi akajaribu kumshawishi asubiri mvua zipite. Mama akamtazama. Eferi akaenda kumtafuta punda mpole.

Kwa hiyo tunakuja. Mimi, Eferi, mtoto wa kunyonya, na Libni, anayesema ana ndugu Shekemu aliowakumbuka ghafla. Lakini hatuji kwako kwanza. Tunapitia Tirza.

Maaka


Tirza, mwezi wa zeituni, siku kumi na moja baadaye

Asrieli,

Barua hii anakuletea Libni kwa mkono wake, anatutangulia. Isome hadi mwisho kabla ya kufanya lolote.

Tulifika hapa siku ya tano. Mama alitaka apelekwe kaburini kabla hajanywa maji. Eferi akambeba, akamketisha chini. Akavua kitambaa cha kichwa, akajimwagia vumbi, akaanza kumlilia Peleti kwa jina lake, kwa maombolezo yale ya zamani ya jangwani ambayo sisi hatuyajui vizuri. Atara, mjane wake, alitoka nyumbani akasimama mbali. Hakutukaribisha, hakutufukuza. Alasiri akaja akaketi upande wa pili wa kaburi, akaitikia.

Siku ya tatu akaja Bedani. Hukuniambia kwamba mabega yake ni kama lango. Akasimama juu yetu akauliza, "Ninyi ni nani?"

Mama akasema, "Mimi ndiye mama yake Asrieli."

"Na una ujasiri wa kukaa hapa?"

"Sina ujasiri, mwanangu, nina miguu mibovu. Ningekuwa na miguu mizima ningefika mapema."

Hapo akalipuka. Akasema, "Miezi saba! Nilimzika ndugu yangu kwa mikono hii. Siku saba nilikaa hapa chini, na kwenu hakuja mtu. Hata mbwa wenu hakuja kubweka!"

Mama hakujitetea. Alisema tu, "Ni kweli. Tumekukosea. Kaa sasa tukae nawe."

Hakukaa. Basi nikafanya jambo ambalo huenda utanichukia kwalo. Nikamwambia lile la mpini. Libni alinivuta nguo mpaka ikachanika, sikujali. Nikamwambia: ndugu yako alileta mkate, walicheka, akamwonya auloweke mpini, mdogo wangu akasema kesho. Hilo hakuwaambia wazee kwa aibu, na mimi nakuambia wewe kwa sababu ni haki yako kulijua.

Bedani akanigeukia. Akauliza, "Alisema, uloweke kwanza?"

Nikasema, ndivyo alivyoandika.

"Uloweke kwanza," akasema. "Kila siku ya Mungu alikuwa ananiimbia hilo. Shoka, jembe, fimbo ya ng'ombe, loweka, loweka. Mke wangu alikuwa akimwita Bwana Loweka." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, kikawa kingine. Akaketi chini nasi. Baadaye sana akasema, si kwangu, kwa Atara, "Basi hawakuwa wamenuniana."

Atara akasema, "Nilikuambia. Mkate ule niliuoka mimi."

Tumemaliza siku saba. Amekaa nasi siku tano za mwisho. Hajasema amesamehe, na sikumuuliza. Lakini leo asubuhi alikuja na punda wake, mkubwa kuliko wetu, akasema, "Bibi nitampeleka mimi. Peke yangu. Ninyi mtafuata keshokutwa." Nikauliza kwa nini peke yake. Akasema, "Nataka kumwona usoni."

Nikakataa. Eferi akakataa. Mama akasema, "Mniache niende na mwanangu huyu." Ndivyo alivyomwita. Tungefanya nini?

Kwa hiyo kesho asubuhi watatoka. Sikiliza, Asrieli: usivuke jiwe. Hata akikuita. Hata Mama akikuita. Simama ndani.

Maaka


Shekemu, mwezi wa kupanda

Dada Maaka,

Amani kwenu, natumaini mto mliuvuka kabla haujajaa. Libni amemwachia mwenyeji wangu maagizo marefu kuhusu mwandiko wangu.

Mlipofika uliniuliza ilikuwaje pale mpakani, nikakuambia "vizuri tu," nikaenda kukamua mbuzi. Sikuweza kulisema mbele ya Eferi. Nikiandika huenda nitaweza.

Nilikuwa nimesimama kwenye jiwe tangu mapema. Nilikusikia, dada, nilisimama ndani. Nikawaona wanapanda kilima, Bedani mbele ameshika kamba, na juu ya punda kitu kidogo kimefunikwa shuka. Nikadhani ni mzigo. Kisha mzigo ukainua mkono kujikinga jua, nikaujua mkono ule.

Sijui miguu yangu ilifanya nini. Nilijikuta nje. Hatua tatu nje ya jiwe, hakuna mtu kati yangu na Bedani. Niliona mkono wake umeenda kiunoni, kwenye kisu. Hata sidhani alikusudia. Uliondoka wenyewe, kama miguu yangu. Tulisimama hivyo. Mama yuko juu ya punda, nasikia tu anavyovuta pumzi.

Nilitaka kusema niliyoyapanga miezi saba. Yote yalikuwa yamekwenda. Nikasema, "Aliniambia niuloweke."

Bedani akasema, "Najua."

Akasema, "Rudi ndani." Sikuelewa. Akapaza sauti, "Rudi ndani, mjinga wewe! Usinijaribu. Rudi nyuma ya jiwe lako!"

Nikarudi kinyumenyume mpaka nikaligusa kwa kisigino. Ndipo akatoa mkono kiunoni. Akachomoa kisu, akakitupa majanini, akamshusha Mama kutoka kwa punda kama anavyoshushwa mtoto aliyelala, akavuka naye jiwe, akaniwekea mikononi. Kwa kitambo kidogo tulikuwa sote wawili tumembeba. Mama akamshika Bedani sikio, akamwambia, "Umefanya vizuri." Bedani alinuka jasho na majani ya zeituni. Nimemweleza yeye kuliko Mama, lakini ndivyo nikumbukavyo.

Kisha akatoka, akaokota kisu chake, akaenda.

Mama yupo. Ua wa huyu Mlawi sasa una hema katikati, na wajukuu wa Mlawi wanagombea kulala humo. Anakula. Si chakula cha ndege tena. Jana aliomba nyongeza ya dengu, na akasema zimekosa chumvi. Miguu bado. Wale wenzangu kumi na mmoja wanakuja kumweleza habari zao mmoja mmoja, na Mama anamuuliza kila mmoja swali lake lilelile, nani kwenu alikwenda kulia? Wawili wameshatuma ndugu zao.

Ninachotaka kukuambia hasa kimetokea leo. Mvua ya kwanza ilinyesha siku tatu, ardhi imelainika. Nilikuwa na mbuzi karibu na mpaka nikasikia mtu ananiita jina, kwa ukali, kama anayedai kitu. Bedani. Amesimama upande wake wa jiwe, matope mpaka magotini, jembe begani.

Hakunisalimu. Akasema, "Shamba lako lina magugu mpaka kiunoni."

Nikasema najua, nisamehe.

"Mbegu za magugu yako zinaingia kwa Atara. Nimeamua kulilima. Nusu yake, nusu yako, utaletewa hapa." Akatema mate pembeni. "Nipande nini? Shayiri au ngano?"

Nikabaki nikilitazama jembe lake. Akakasirika. "Nimetembea nusu siku, sikuja kukutazama. Shayiri au ngano?"

Nikasema, "Ngano."

"Ngano inachelewa."

Nikamwambia, "Nina muda."

Akanitazama. Sitasema alitabasamu, maana sina hakika. Akahamisha jembe bega la pili, akasema, "Basi ngano," akashuka kilima kwa haraka, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa bahari.

Mdogo wako,
Asrieli